Gundi imeachia tena? Dalili na visababu kwa wanaojenga modeli za reli Nairobi

Ukimuuliza mchuuzi wa River Road kama gundi aliyoishika itaweza kazi yako, jibu ni lile lile: "Hiyo inashika kila kitu, mkubwa." Si kweli, na sidhani hata yeye anaamini. Kila gundi ina namna yake ya kukauka, na namna hiyo ndiyo huamua itashika nini na itashindwa wapi.

PVA, ile gundi nyeupe ya maseremala, hukauka maji yake yakipata njia ya kutoka. Supagluu ni kinyume chake: huganda kwa unyevu mdogo ulio hewani na juu ya kitu chenyewe. Epoksi haingoji hewa wala maji, mirija miwili ikishachanganywa kazi imeanza. Gundi ya modeli za plastiki, ile nyepesi kama maji, huyeyusha nyuso mbili zikachanganyika, kisha yenyewe hupaa ikaisha. Gundi ya mafundi viatu hupakwa pande zote mbili, huachwa ikauke kila upande peke yake, na pande zikishagusana hakuna kurudi nyuma.

Basi gundi ikikuangusha, swali la kwanza si "ipi ina nguvu zaidi?" bali "hii ilihitaji nini ili ikauke, na je, ilikipata?" Mifano yangu mingi inatoka kwenye reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja iliyofika Nairobi mwaka 1899, kwa skeli ya HO, yaani 1 kwa 87. Hapo reli hujengwa kwa upana wa milimita 12. Anayejenga SGR, ile reli mpya iliyo pana zaidi, kwa skeli hiyo hiyo atatumia milimita 16.5. Gundi ni zile zile.

Kwanza kisome kiungo kilichoachia

Kabla hujakwangua gundi ya zamani na kupaka nyingine, peleka vipande viwili dirishani uvitazame vizuri. Wengi huruka hatua hii, ndiyo maana hurudi dukani kununua gundi ya bei ya juu zaidi na kupata matokeo yale yale.

Gundi yote ikiwa imebaki upande mmoja, na upande wa pili uko safi kana kwamba haujawahi kuguswa, tatizo liko kwenye ule upande safi. Una mafuta, una vumbi, una rangi, au ni plastiki isiyokubali gundi. Hapo kubadilisha gundi hakusaidii kitu mpaka uso ushughulikiwe.

Gundi ikiwa imebaki pande zote mbili na imekatikia katikati, basi ilishika, ila yenyewe ilikuwa dhaifu: ilipakwa nene mno, haikupewa muda, ilichanganywa vibaya au imezeeka. Ibonyeze kwa ukucha. Ukucha ukizama, haikukauka. Ikivunjika vipande vipande vidogo, huenda ni supagluu uliyoiweka mahali panapogongwagongwa, kwa mfano kwenye kiunganishi cha mabehewa. Supagluu huvumilia kuvutwa moja kwa moja, lakini haivumilii kugongwa wala kubanduliwa kuanzia pembeni.

Na kama ni mbao au kadibodi yenyewe iliyochanika, nyuzi zikabaki zimeng'ang'ania gundi, gundi haina hatia. Ongeza kipande cha kona upande wa nyuma ili nguvu isambae, uendelee na kazi.

Ukungu mweupe kwenye madirisha na rangi

Behewa lilikuwa zuri jana jioni. Asubuhi madirisha yana ukungu, na kwenye rangi ya maruni zimetokea alama za vidole ambazo hukujua zipo.

Huo ni mvuke wa supagluu. Sehemu ya gundi hupaa kabla haijaganda, ikakutana na unyevu, ikatua karibu ikiwa unga mweupe. Hupenda zaidi mahali palipoguswa na vidole, na wapelelezi wa polisi hutumia mvuke huo huo kufichua alama za vidole vya wahalifu. Nairobi hali huwa mbaya zaidi wakati wa mvua, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba. Huwa mbaya kupita kiasi ukilifungia behewa kwenye boksi mara tu baada ya kuligundisha, kwa sababu mvuke hauna pa kwenda ila kwenye modeli yako.

Tumia tone dogo kuliko unavyodhani linatosha, acha kitu wazi, weka feni ndogo isukume hewa polepole. Lililo bora ni kutotumia supagluu karibu na kitu chochote cha kupitisha mwanga. Madirisha yashike kwa PVA kidogo pembeni, ikikauka haionekani, na dirisha halibebi mzigo wowote. Kama ukungu umeshaingia, kwenye rangi pangusa kwa pamba ya masikio yenye mafuta kidogo ya mashine. Kwenye dirisha lenyewe jaribu kusugua kwa dawa ya meno nyeupe na kitambaa laini. Isipotoka, kata dirisha jingine kutoka kwenye kasha la CD, plastiki yake ni angavu na inakubali gundi bila shida.

Kuna dalili ya kinyume: supagluu inayokataa kuganda, hasa Januari na Februari hewa ikiwa kavu. Mara nyingi umeijaza kwenye pengo. Supagluu nyepesi haizibi mapengo, inataka vipande vilivyobanana. Vuta pumzi uipulizie kiungo taratibu kwa mdomo wazi, unyevu wa pumzi hutosha kuianzisha. Pengo likibaki, tafuta supagluu nzito au hamia epoksi.

Plastiki haishiki hata ufanyeje

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa sababu neno "plastiki" limebeba vitu ambavyo havifanani hata kidogo.

Chukua kalamu ya kawaida ya Bic, ile yenye mwili angavu wa pembe sita. Weka tone moja la gundi ya modeli kwenye mwili, tone jingine kwenye kifuniko cha rangi. Ngoja kidogo, kisha gusa kwa kijiti cha meno. Mwili umelainika na unanata, maana ni polistirini, plastiki ile ile ya seti nyingi za modeli. Kifuniko hakina hata alama: kioevu kimekaa juu yake, kimepaa, kimeondoka. Kile ni polipropilini. Hakuna gundi ya modeli itakayokiingia, na supagluu itabanduka kwa ukucha.

Ukiwa na kipande usichokijua, kata kijipande kidogo ukitumbukize kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Sabuni ni lazima, bila hiyo hata plastiki nzito inaweza kuelea juu ya ngozi ya maji ikakudanganya. Sukuma kipande chini kwa kijiti kisha uachilie. Kikipanda juu, ni polithini au polipropilini, jamii moja na vifuniko vya chupa za maji. Weka gundi kando na ufikirie skrubu, pini au waya. Kikizama, kinaweza kuwa polistirini, ABS, PVC, au pia asetali, ambayo ni nzito lakini inakataa gundi vile vile. Asetali utaikuta kwenye gia, magurudumu na baadhi ya viunganishi vya mabehewa, inateleza mkononi na haichuniki kirahisi. Hiyo ibane au ipigie pini, usijaribu kuigundisha.

Kama ni polistirini na bado haishiki, tazama rangi. Gundi ya kuyeyusha inataka kugusa plastiki tupu. Ukipaka rangi kwanza halafu ukaunganisha, umeunganisha rangi na rangi, na kiungo kina nguvu ya ile rangi tu. Kwangua kingo kwa ncha ya wembe mpaka plastiki ionekane. Fremu za seti mpya nazo huwa na mafuta ya kiwandani, zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ziache zikauke usiku kucha.

Vitu vilivyochapishwa kwa mashine za 3D vina mambo yake. PLA, plastiki ya kawaida ya mashine hizo, haiyeyushwi na gundi ya polistirini, itumie supagluu au epoksi baada ya kupitisha msasa. Vile vya resini viwe vimekauka kabisa juani au chini ya taa ya UV. Resini ambayo bado inanata kidogo haitashika gundi yoyote, na tatizo litaonekana kama ni la gundi.

Wengine hukimbilia gundi ya mabomba ya PVC kwa sababu kila hadiwea inayo. Inayeyusha polistirini, ndiyo, lakini kwa pupa: ukuta wa behewa wenye unene wa milimita moja utakunjamana kabla hujaweka chupa chini. Iache ifanye kazi ya mabomba.

Ukuta umeyeyuka au una alama ya kidole

Gundi nyingi mno, au umebana kwa vidole juu ya mstari wa kiungo na gundi ikapita chini ya kidole. Shika vipande vikavu kwanza, vikiwa vimeshabanana gusa brashi yenye gundi kwenye ufa kwa upande wa ndani. Itajivuta yenyewe hadi mwisho. Palipoharibika usipaguse mpaka kesho, plastiki laini ukiisugua inazidi kuchimbika. Kesho piga msasa.

Foamu imetobolewa, au haijakauka wiki nzima

Foamu nyeupe inayokuja na televisheni ni malighafi nzuri ya vilima, na haina gharama. Lakini ni polistirini iliyojaa hewa, kwa hiyo chochote kinachoyeyusha polistirini kitaila: gundi ya modeli, gundi ya viatu, rangi nyingi za kupuliza, na supagluu ya kawaida. Ukiona shimo lenye kingo zilizosinyaa, hicho ndicho kisababu, huhitaji kutafuta kingine.

Watu wakishajua hilo huhamia PVA, na hapo linazaliwa tatizo la pili. Wanapaka PVA kati ya vibapa viwili vikubwa vya foamu, wanaweka matofali juu, wiki moja baadaye wanaona katikati bado ni maziwa. Foamu haipitishi maji, wala kibapa cha pili hakipitishi. Maji ya gundi yamefungiwa humo kama nguo mbichi iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Paka mistari myembamba yenye nafasi katikati badala ya kufunika uso wote, ili hewa ipite. Chaguo jingine ni kutumia gundi ya kukamuliwa kwa bunduki isiyo na vimumunyisho, yaani kemikali za kuyeyusha, ile ambayo lebo yake inasema inafaa kwa foamu. Foamu juu ya plaiwudi ni rahisi zaidi kwa kuwa mbao hunywa maji.

Bunduki ya gundi ya moto? Kwa haraka inafaa, ukiiacha ipoe kidogo kabla haijagusa foamu. Lakini usiitegemee mahali jua la dirishani linapopiga mchana kutwa, huwa inalegea.

Mabati yanabanduka kwenye paa

Huwezi kujenga modeli ya Nairobi bila mabati. Vituo vya zamani, vibanda kando ya reli ya Kibera, mabohari ya Makadara, yote yana bati. Wengi wetu tunayatengeneza kwa kopo la soda: unakata karatasi ya alumini, unaiweka juu ya kitu chenye mifuo, unaikandamiza kwa ncha butu mpaka mikunjo itoke. Inapendeza sana. Kisha siku moja, mchana wa joto, unasikia "tak" na kipande kimeinuka.

Visababu ni viwili na mara nyingi vinakuja pamoja. Cha kwanza ni kwamba kopo la soda halina alumini tupu upande wowote. Nje kuna rangi na vanishi, ndani kuna utando mwembamba wa plastiki unaozuia soda isile chuma. Gundi yako inashika huo utando. Chukua msasa namba 400, sugua upande utakaogundishwa mpaka ung'aro uishe na uso uwe wa kijivu kilichofifia. Pangusa kwa isopropili, ile inayouzwa kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue kwa kusafishia bodi za saketi. Angalia hapo: spiriti nyingine za duka la dawa zimetiwa mafuta ya nyonyo ili zisikaushe ngozi. Zinafaa kwa kidonda, lakini kwenye chuma zinaacha utando wa mafuta juu ya uso uliotoka kuusafisha. Soma lebo. Na ukishapangusa usiguse tena kwa kidole kitupu.

Kisababu cha pili ni joto. Alumini hutanuka na kunywea zaidi ya kadibodi iliyo chini yake, na gundi ngumu kama supagluu haina la kufanya ila kukatika. Hapa gundi ya mafundi viatu ndiyo mwenyewe, kwa sababu hubaki na unyumbufu. Paka nyembamba bati na paa, ngoja mpaka uguse kwa kifundo cha kidole isinate, dakika kumi hadi kumi na tano hivi, kisha laza bati kuanzia ukingo mmoja. Ukiunganisha ikiwa mbichi, vimumunyisho vinafungiwa ndani na bati litateleza siku nzima. Huwezi kulisogeza likishashika, kwa hiyo weka karatasi ya nta katikati na uivute polepole unapolaza. Fungua madirisha, zima jiko. Harufu ile ni ya vimumunyisho kama toluini: ni hatari kwa mapafu na inashika moto haraka. Kopo likae mahali watoto hawafiki.

PVA kwenye bati haifai kabisa. Chuma hakinywi maji.

Kokoto za reli: matatizo ya familia moja

Kwa kokoto, vumbi la kwari linaloachwa kwenye maeneo ya ujenzi linatosha. Kokoto halisi ya reli ni ya milimita 30 hadi 60, ukigawanya kwa 87 unapata punje ya karibu nusu milimita. Kichungi cha chai kinakaribia hapo. Osha vumbi laini litoke, kausha kwenye sufuria kuukuu, kisha pitisha sumaku juu yake. Mawe yetu ni ya volkano, na chembe za chuma zilizomo hurukia sumaku ya mota ya injini zikaikwamisha. Udongo mwekundu wa Limuru upitishie sumaku vile vile.

Matone ya gundi yakibingirika juu ya kokoto na kuchimba vishimo, vumbi ni kavu na maji hayaliingii. Lowesha kwanza. Changanya maji na isopropili kidogo, au maji na tone la sabuni ya vyombo, puliza kwa mbali mpaka kokoto ibadilike rangi yote. Ndipo ulete PVA iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, nayo ikiwa na tone la sabuni. Tumia bomba la sindano la duka la dawa bila sindano yenyewe, dondosha katikati ya mataruma, uitazame ikijisambaza. Ikisambaa bila kusukumwa, umelowesha vya kutosha.

Juu ikiwa na ganda gumu na chini vumbi bado linamwagika, gundi ilikuwa nzito au ulilowesha ngozi ya juu tu. Usivunje. Lowesha upya, rudia na gundi nyepesi zaidi.

Injini ikisimama kila baada ya hatua chache, kuna gundi juu ya reli. Zungusha kitambaa chenye isopropili kwenye kipande cha mbao, sugua urefu wote. Ni kazi ya dakika mbili ikifanywa gundi ikiwa mbichi, na ya jioni nzima ikishakauka.

Pointi iliyokwama, yaani pale reli inapogawanyika njia mbili, ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu pointi ndiyo sehemu ya bei kwenye reli yote. Gundi imepita chini ya ulimi unaosogea. Dondosha isopropili, ngoja, sogeza ulimi huku na huku taratibu, rudia. PVA hulainika, itaachia, usitumie nguvu ukang'oa mhimili mwembamba wa plastiki. Kwa ijayo, tia tone la mafuta ya cherehani chini ya ulimi kabla ya kumimina chochote, na kokoto ya hapo iweke punje kwa punje.

Kisha kuna kelele. Reli ilikuwa kimya, ukaweka kokoto, sasa treni inanguruma chumba kizima. PVA ikikauka ni ngumu, imeshikanisha mataruma na ubao, na ubao sasa ni ngoma. Kama bado hujafika hapo, laza reli juu ya karatasi ya EVA, ile foamu ya rangi inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule. EVA ishike kwa ubao kwa gundi ya viatu, kisha kwa kokoto tumia gundi ya mpira au ya akriliki inayobaki laini. Kama umeshafika hapo, punguza kelele kwa kubandika foamu chini ya ubao, au zoea.

Epoksi bado inanata

Kama ina sehemu ngumu na sehemu laini, haikukorogwa vizuri. Kama ni laini yote, vipimo vya mirija miwili havikulingana. Kuongezea kigumishi juu hakusaidii. Kwangua yote, futa kwa isopropili, anza upya, koroga dakika nzima ukikwangua pembeni na chini.

Lakini kabla ya kukwangua angalia kalenda. Julai ya Nairobi usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi, na epoksi kwenye baridi huenda polepole sana. Kila nyuzi 10 zikipungua, muda wake karibu unaongezeka maradufu. Weka kitu chini ya taa ya meza kwa saa kadhaa uone. PVA nayo ikikaukia kwenye baridi kali huwa nyeupe yenye chaki badala ya kuwa angavu, na haina nguvu. Hiyo haiponi kwa kupashwa joto, irudie.

Araldite, epoksi ya dukani, ile ya dakika tano ni nzuri kwa vitu vidogo. Kwa kitu kizito kinachobebwa kwa mkono, tumia ile ya polepole. Injini ya mvuke ya Garratt ya daraja la 59, kama 5918 Mount Gelai iliyoko kwenye Makumbusho ya Reli, ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 31. Kwa HO inapita sentimita 35, na kila anayeishika ataishika kwenye boila. Kiungo cha boila kiwe cha epoksi ya polepole juu ya chuma kilichopigwa msasa, ikiwezekana na skrubu ndani.

Behewa limevimba

Hii huchukua miezi, wakati mwingine miaka, na ikitokea hakuna anayeshuku gundi. Mabehewa ya plastiki ni mepesi na huanguka kwenye kona, kwa hiyo tunaweka uzito sakafuni: chubwi za wavuvi za madini ya risasi, au vipande vya kusawazishia magurudumu ya magari. Watu wengi humimina PVA juu yake ili visitikisike. Asidi ya siki inayotoka kwenye PVA hula risasi, risasi inageuka unga mweupe unaochukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na unga huo unasukuma kuta mpaka zinapasuka.

Ukiona ukuta umejipinda kuelekea nje, fungua behewa sasa, usingoje. Toa risasi yote, futa unga kwa kitambaa chenye maji, vaa glavu na unawe mikono, maana unga huo ni sumu. Rudisha uzito kwa epoksi, au tumia nati za chuma za kawaida ukaondokana na risasi kabisa.

Binamu wa tatizo hili ni silikoni inayonuka siki. Hutoa asidi ile ile inapokauka na hugeuza waya wa shaba kuwa wa kijani pale ulipoungwa na reli. Kama ni lazima utumie silikoni chini ya reli, chukua ile isiyo na harufu ya siki.

Kadibodi imepinda

Umepaka PVA upande mmoja, kadibodi imekunywa maji upande huo peke yake. Paka nyembamba, weka vitabu juu, au paka upande wa nyuma pia ili vivutane.

Supagluu imeganda ndani ya chupa

Umeifunga ikiwa na gundi mdomoni, au umeiacha kwenye dirisha lenye jua. Baada ya kutumia, igonge chupa mezani ikiwa wima ili gundi ishuke, pangusa mdomo kwa karatasi, funga, weka mahali pakavu na pa baridi. Kwenye friji inakaa sana, ila itoe ipate joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo umande utaingia ndani na ndio utakaoigandisha.

Usipanguse mdomo huo kwa pamba wala kitambaa cha pamba. Supagluu nyingi ikikutana na pamba hupata joto la kuunguza kidole, na inaweza kutoa moshi. Vidole vikishikana, usivivute. Viloweshe kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, uvibiringishe taratibu, au tumia asetoni ya kuondolea rangi ya kucha kama ngozi haina jeraha.